A na B kuzaa O: Herufi moja iliyodondoka na ndoa iliyotaka kuvunjika

Mwezi uliopita, baada ya Magharibi, nilikuwa barazani nakunywa kahawa chungu wakati shangazi mmoja wa mtaani kwetu alipomtuma mjukuu wake aje kuniita. Nilipoingia nilimkuta ameketi mkekani, na pembeni yake mpwa wake, kijana wa miaka thelathini hivi, ameinamisha kichwa.

"Mwalimu," shangazi akaniambia, "wewe ndiwe uliyesomesha mambo haya ya damu miaka yote. Hebu mwambie huyu."

Neno lenyewe lilikuwa hivi. Kijana aliwahi kutoa damu na kadi yake imeandikwa kundi A. Mkewe, kwenye kijitabu cha kliniki ya wajawazito, ameandikwa kundi B. Mtoto wao wa miaka mitatu alilazwa kwa malaria, damu ikawa imepungua, akapimwa ili aongezwe. Majibu yakaja: kundi O. Kijana akaliongea jambo hilo barazani kama habari za kawaida. Mwenzake mmoja akacheka akamwuliza, "A na B zitazaaje O?" Mzaha ule ukamwingia. Akafika nyumbani na maswali, maswali yakawa maneno, na maneno yakawa makubwa. Siku niliyoitwa mimi, mke alikuwa na siku kumi na moja kwao.

Nilimwambia jambo moja tu kwanza: "Mwanangu, ulichokosea ni hesabu. Mkeo hana kosa."

Nimeona niyaandike hapa niliyomweleza usiku ule, kwa sababu najua si yeye peke yake. Mjini kwetu hapa watu wamevunja nyumba kwa vipande vya karatasi ambavyo hawakuvisoma sawasawa. Jibu la kesi yake limo katika herufi moja tu, iliyodondoka kwenye maandishi ya mwili zamani sana kabla hajazaliwa yeye, baba yake wala babu yake.

Maandishi yasiyo na nafasi kati ya maneno

Ndani ya kila seli ya mwili, ukiacha chache kama chembe nyekundu za damu zilizokomaa, mna maandishi marefu yaitwayo DNA. Yameandikwa kwa herufi nne peke yake: A, T, G na C. (Usiichanganye A hii na kundi la damu A; ni majina tu yamegongana.) Mtu hupokea seti moja ya maandishi hayo kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, na kila seti ina herufi kama bilioni 3.

Jeni ni kipande cha maandishi hayo chenye maelekezo ya kutengeneza kitu fulani, mara nyingi protini. Protini ndizo zinazofanya kazi za mwili. Kuna zinazobeba hewa ndani ya damu, zinazokaza misuli na zinazosaga chakula. Kila protini ni mfano wa tasbihi: punje zimetungwa moja baada ya nyingine kwa mpangilio maalumu. Punje hizo huitwa asidi amino, na ziko aina 20.

Sasa herufi nne zitatajaje punje aina 20? Mwili huzisoma tatu tatu. Kila herufi tatu ni neno moja, na wanasayansi huliita kodoni. Ukizipanga herufi nne kwa tatu tatu utapata maneno 64. Kati ya hayo, 61 hutaja asidi amino, na matatu (TAA, TAG na TGA) yana kazi ya nukta kuu: simama hapa, protini imekwisha. Kwa kuwa maneno ni mengi kuliko punje, punje moja inaweza kuwa na majina kadhaa. Likumbuke hilo, tutalirudia.

La ajabu ni kwamba hakuna nafasi kati ya neno na neno. Hakuna mkato wala mstari. Mashine ya seli inayosoma maandishi huanzia mahali maalumu, ikahesabu tatu, ikaweka punje, ikahesabu tatu nyingine, hivyo hivyo mpaka ikutane na nukta. Kila kitu kinategemea hesabu kutopotea.

Chukua mfano wa jikoni kwetu. Nimeandika sentensi ya maneno yenye herufi tatu tatu:

ISA TIA UJI HUU TUI LEO

Kila mtu wa pwani ameelewa: Isa anaambiwa autie tui uji huu. Lakini seli haioni nafasi. Yenyewe huona ISATIAUJIHUUTUILEO, na inahesabu.

Tuseme mwandishi amekosea herufi moja, mahali pa I akaandika O:

ISA TOA UJI HUU TUI LEO

Limeharibika neno moja, mengine yote yamesalimika. Ila tazama maana ilivyogeuka: kutia kumekuwa kutoa. Ndivyo ulivyo ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wetu tunauita sikoseli. Katika jeni ya hemoglobini, neno GAG limekuwa GTG. Herufi moja imebadilishwa, punje moja imekuwa nyingine, na chembe nyekundu za damu zikajikunja kama mundu. Hilo ni kosa la kubadilisha.

Sasa tazama kosa la namna nyingine. Mwandishi hakubadilisha herufi, ameiruka. Ile I ya TIA imedondoka kabisa, na msomaji anaendelea kuhesabu tatu tatu kama kawaida:

ISA TAU JIH UUT UIL EO

Neno la kwanza liko sawa. Kuanzia pale herufi ilipodondoka, hakuna linaloeleweka tena. Herufi zilizobaki ni zile zile na zimefuatana vile vile, lakini mipaka ya maneno imeteleza. Ni mfano wa mtu aliyefunga kifungo cha kwanza cha kanzu kwenye tundu la pili: kila kinachofuata kinakosa mahali pake.

Herufi ikizidi, hali ni hiyo hiyo. Tia Z baada ya ISA:

ISA ZTI AUJ IHU UTU ILE O

Humo ndani yamejitokeza "utu" na "ile", maneno kamili ya Kiswahili, lakini hayana uhusiano na uji. Kwenye seli pia huwa hivyo. Mashine haitambui kwamba imepotea. Inaendelea kutunga punje, ila si zile zilizokusudiwa. Na kwa kuwa maneno matatu kati ya 64 ni nukta, usomaji uliopotea kwa kawaida haufiki mbali. Kwa wastani, kila baada ya maneno kama 21 ya kubahatisha, nukta hujitokeza na kazi ikakatwa. Mara nyingi seli yenyewe huligundua nakala lenye nukta isiyo mahali pake na kulivunja hata kabla halijatumika sana.

Kosa hili mimi naliita mtelezo wa usomaji. Hutokea herufi zinapoongezeka au kupungua kwa idadi isiyogawanyika kwa tatu: moja, mbili, nne, tano. Zikidondoka tatu kamili, au sita, mambo ni mengine. Ondoa HUU yote:

ISA TIA UJI TUI LEO

Neno moja limepungua, lakini uji utapata tui lake.

Ilivyojulikana kwamba ni tatu

Haya hayakujulikana kwa kutazama kwa darubini. Mwaka 1961 huko Cambridge, Uingereza, Francis Crick na Sydney Brenner, Brenner akiwa mzaliwa wa Afrika Kusini, pamoja na Leslie Barnett na Richard Watts-Tobin, walikuwa na swali: maneno haya ni ya herufi ngapi? Wakati huo hakuna aliyeweza kuisoma DNA herufi kwa herufi.

Walitumia kirusi kidogo kinachoshambulia bakteria, na rangi iitwayo proflavini ambayo hujipenyeza kati ya herufi za DNA ikamfanya mwandishi aongeze moja au aruke moja. Kirusi chenye kosa moja la namna hiyo kilipoteza uwezo wake. Walipokutanisha kosa la kuongeza na kosa la kupunguza ndani ya kirusi kimoja, kilifufuka. Kwa mfano wetu, ukiidondosha I ya TIA kisha ukaongeza K mbele kidogo, unapata:

ISA TAU JIK HUU TUI LEO

Maneno mawili yameharibika, kisha hesabu imerudi kwenye mstari.

Baada ya hapo wakakutanisha makosa mawili ya aina moja. Kirusi hakikufufuka. Walipokutanisha matatu ya aina moja, kikafufuka. Dondosha I ya TIA, J ya UJI na H ya HUU:

ISA TAU IUU TUI LEO

Kosa moja huharibu, mawili huharibu, lakini matatu huurudisha usomaji mahali pake. Maana yake ni kwamba neno lina herufi tatu. Karatasi yao ilichapishwa mwishoni mwa mwaka huo. Mwaka huo huo Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei huko Marekani wakalifumbua neno la kwanza, na kufikia 1966 maneno yote 64 yalikuwa yamejulikana.

Kundi O ni nini hasa

Sasa turudi kwa kijana wetu na kadi yake.

Makundi ya damu yaligunduliwa na Karl Landsteiner huko Vienna mwanzoni mwa karne ya 20, naye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Watu wengi hudhani A, B na O ni vitu vitatu vya namna moja, kama vile rangi tatu za kanga. Sivyo.

Juu ya chembe nyekundu za damu mna minyororo midogo ya sukari. Jeni ya kundi la damu, iliyoko kwenye kromosomu ya 9, ina maelekezo ya kutengeneza protini inayoongeza sukari moja zaidi mwishoni mwa mnyororo. Nakala ya A hutengeneza protini inayoongeza sukari ya aina moja. Nakala ya B imetofautiana na ya A kwa herufi chache tu zilizobadilishwa, nayo huongeza sukari ya aina nyingine. Na O? O haiongezi kitu. Kwa asilimia kubwa ya watu wa kundi O, jeni yao ni ile ile ya A, ila imedondosha herufi moja.

Mwaka 1990 Fumiichiro Yamamoto na wenzake waliisoma jeni hiyo na kuikuta herufi yenyewe. Ni G, ya 261 ukihesabu tangu mwanzo wa maelekezo. Kwenye nakala ya A sehemu hiyo husomeka hivi:

GTG GTG ACC CCT TGG

Kwenye nakala ya O, baada ya G moja kudondoka:

GTG GTA CCC CTT GG

Ukitazama vizuri utaona GTG ya pili imekuwa GTA. Haya ni majina mawili ya punje ile ile, kwa hiyo hapo hakujaharibika kitu. Lile neno linalofuata ndilo la kwanza kupotea: ACC imekuwa CCC, punje nyingine kabisa. Linalofuata nalo limepotea, na yaliyo mbele yake vile vile. Protini kamili ina punje 354. Ya O ina punje 87 zilizo sawa, kisha 30 zisizohusika, kisha nukta. Jumla 117. Ni tasbihi iliyokatika mapema, haiwezi kuongeza sukari yoyote.

Kwa hiyo mtu wa kundi O hana "damu ya O" kama kitu cha ziada. Yeye amekosa A na amekosa B, kwa sababu nakala zake zote mbili zimekatika.

Hesabu iliyomponza kijana

Ukilielewa hilo, kesi inajifungua yenyewe. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Nakala iliyokatika ikikaa pamoja na nakala nzima ya A, ile nzima itaifanya kazi peke yake na mtu ataandikwa kundi A. Maabara hupima sukari iliyopo, haioni nakala iliyonyamaza nyuma. Kadi ya A inaweza kuwa ya mtu mwenye A mbili, au ya mtu mwenye A moja na O moja. Kadi ni ile ile. Kwa B ni vivyo hivyo.

Tuseme baba ana A na O iliyofichika, na mama ana B na O iliyofichika. Kila mtoto huchukua nakala moja kwa kila mzazi, kwa bahati. Yako matokeo manne, na kila moja lina nafasi 1 kati ya 4:

- A ya baba na B ya mama: mtoto ni AB.
- A ya baba na O ya mama: mtoto ni A.
- O ya baba na B ya mama: mtoto ni B.
- O ya baba na O ya mama: mtoto ni O.

Wazazi hawa wawili wanaweza kuzaa makundi yote manne nyumba moja. Mtoto wa O hapo hana ajabu yoyote. Tena kundi O ndilo lenye watu wengi zaidi Kenya, maana yake nakala iliyokatika imeenea sana, na wengi wenye kadi za A na B wanaibeba bila kujua.

Nilimwuliza kijana: "Mamako ni kundi gani?" Hakujua. Shangazi akajibu kwa upole: "Marehemu mamake alikuwa O. Nilimwuguza mimi." Basi. Mama wa O hana cha kumrithisha mwanawe ila O. Kijana anabeba ile nakala iliyokatika, ameipata kwa mamake mzazi, naye amempa mwanawe. Kile alichokiona kuwa ushahidi wa mtu mwingine kilikuwa alama ya mamake mwenyewe kwenye damu ya mjukuu aliyepoteana naye duniani.

Alinyamaza kwa muda mrefu.

Najua mtu ataniuliza: je, kuna hali ambayo makundi hayalingani kweli? Ziko. Wazazi wawili wa O kwa kawaida hawazai A wala B, kwa sababu hakuna mwenye nakala nzima. Mzazi wa AB kwa kawaida hazai O, kwa sababu nakala zake zote mbili ni nzima. Lakini hata hapo usiikimbilie talaka. Kadi hukosewa, mtu anaweza kuandikiwa kundi lisilo lake, au chupa mbili za damu zikabadilishana majina. Kuna pia hali adimu, kama ile iliyogunduliwa mjini Bombay mwaka 1952, ambapo mtu ana jeni nzima ya A au B lakini hana ule mnyororo wa kuwekea sukari, na kipimo cha kawaida humwandika O. Kundi la damu halikuwekwa kwa ajili ya kumtafuta baba wa mtoto. Limewekwa ili mgonjwa asiongezwe damu itakayomwua. Mwenye shaka ya kweli ana kipimo cha DNA. Na kabla ya kumtuhumu mke wa watu au wako, unajua mwenyewe uzito wa neno hilo.

Kosa lililogeuka ngao

Mtu angetarajia jeni iliyokatika iwe balaa. O si balaa. Watu wa O wanaishi, wanazaa, wanazeeka. Tena kwetu sisi tunaoishi na mbu, ina faida.

Vimelea vya malaria vinapoingia ndani ya chembe nyekundu, huifanya chembe hiyo inate na kujikusanyia chembe nyingine zisizo na vimelea. Mafungu hayo huziba mishipa midogo, na hapo ndipo malaria inapopanda kichwani au kumkata mtu pumzi. Sukari za A na B husaidia mnato huo. Kwenye damu ya O, isiyo na sukari hizo, mafungu huwa madogo na huachana kirahisi. Tafiti zilizofanywa Afrika, zikiwemo za hapa kwetu Kilifi, zimeonyesha kwamba watoto wa kundi O wana hatari ndogo zaidi ya kupata malaria kali. Wataalamu wengi wanaona hii ni sababu mojawapo ya O kuwa nyingi barani.

Tahadhari: kinga hii ni ya kupunguza makali. Haizuii kuumwa. Mtoto wa kijana wetu ni O na alilazwa. Neti bado ni neti, na homa ya mtoto bado ni ya kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo.

Pale herufi inapodondoka pabaya

Mtelezo wa usomaji haubagui jeni. Ukitokea kwenye jeni ya sukari za damu, umepata O. Ukitokea kwenye jeni ya hemoglobini, habari ni nyingine.

Upo ugonjwa uitwao thalasemia. Aina yake ya beta hutokana na makosa mengi tofauti kwenye jeni ile ile ya selimundu, na mojawapo ni mtelezo: G moja imeongezeka kati ya neno la 8 na la 9. Kosa hili linajulikana sana India na Pakistan, na linapatikana pia nchi za Ghuba. Nalitaja kwa sababu pwani yetu ina koo nyingi zenye asili ya huko ng'ambo, na jeni zilisafiri na majahazi kama zilivyosafiri tende na mbao za boriti.

Mwenye nakala moja mbovu huwa mzima, pengine na upungufu mdogo wa damu usioisha. Mwenye mbili huanza kudhoofika kati ya miezi sita na miaka miwili, na bila kuongezwa damu mara kwa mara hawezi kuishi vizuri. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa mgonjwa. Hesabu ni ile ile ya O. Kwa kuwa binamu wa kwanza hushirikiana wastani wa sehemu 1 kati ya 8 ya jeni zao, koo zinazooana ndani kwa ndani zina sababu zaidi ya kupima. Sisemi binamu wasioane. Nasema waende wakijua. Na mtu anayepewa vidonge vya madini ya chuma kila mwaka na damu haipandi, amwulize daktari kipimo cha aina za hemoglobini.

Mfano wa mwisho ni ugonjwa wa misuli uitwao Duchenne. Huwapata hasa wavulana. Mtoto hutembea, kisha akifika miaka minne au mitano anaanza kuanguka-anguka, na akitaka kuinuka chini hujishika mapajani na kujikwea kwa mikono. Nimesikia wakisemwa kuwa wamekumbwa na pepo, na mama zao wakisemwa zaidi. Chanzo ni jeni ya protini inayoshikilia misuli, ambayo ni ndefu kupita kiasi: zaidi ya herufi milioni 2, katika vipande 79 vinavyounganishwa. Kipande kikidondoka na kuvuruga hesabu ya tatu tatu, protini hukosekana, na hiyo ni Duchenne. Kikidondoka kipande, hata kikiwa kirefu zaidi, lakini kikaacha hesabu iko sawa, protini huwa fupi lakini inafanya kazi, na ugonjwa huwa mpole, huitwa Becker. Ni kama pale tulipoiondoa HUU.

Kutokana na kanuni hiyo, wanasayansi wametengeneza dawa za kuifanya seli iruke kipande kingine kimoja ili hesabu irudi mahali pake. Ya kwanza iliruhusiwa Marekani mwaka 2016. Haiponyi, inafaa kwa baadhi tu ya wagonjwa, ni ghali mno, na wataalamu bado wanabishana kiasi cha msaada wake. Lakini wazo lake ni lile la Cambridge la 1961: ukishapoteza herufi moja, pengine njia ya kuokoa sentensi ni kupoteza mbili zaidi.

Na mama wa mtoto kama huyu asilaumiwe. Takriban thuluthi moja ya wagonjwa wa Duchenne, kosa limeanza kwao wenyewe, hata mama hakulibeba. Makosa haya hutokea DNA inaponakiliwa, hasa pale herufi moja inapojirudia mara nyingi na mwandishi akapoteza hesabu, kama mtoto wa chuo anayenakili mstari na kuruka herufi. Hayaletwi na jicho la mtu wala na kitu mama alichokula.

Yaliyofuata

Usiku ule kijana aliniuliza afanye nini. Nikamwambia kwanza aandamane na shangazi yake waende kwa wakweze, waombe radhi, asitume simu. La pili lilikuwa gumu zaidi kwake. Nilimtaka arudi kwenye baraza ile ile, mbele ya wale wale waliocheka, aeleze kwamba A na B huzaa O, na kwa nini. Sumu iliyomwagwa hadharani haifutwi chumbani.

Mke alirudi baada ya siku chache, kwa masharti yake, na ni haki yake. Kijana naye barazani aliyasema, akigugumia kidogo. Yule aliyeuanza mzaha akaniuliza mimi: "Mwalimu, mimi ni B na mwanangu wa pili ni O. Kumbe ndiyo hivyo?"

Kumbe naye alikuwa na lake moyoni, alilificha nyuma ya kicheko.